Baba Alinikatia Mwisho wa Kitabu

Kwako Mshauri,

Sijawahi kuandika gazetini na sikudhani nitaandika, lakini nimefika mahali nikinyamaza nitapasuka, kwa hiyo naomba unisikilize, na mwandiko ukiwa mbaya ujue ni hasira, si woga.

Mimi ni msichana wa kidato cha mwisho na ninaishi na baba yangu, wawili tu, tangu mama alipoondoka nikiwa bado sijui hata kufunga kamba za viatu. Baba ni mfunga vitabu. Sebule yetu ndiyo karakana yake, mashine ya kukatia karatasi imekaa pale ambapo watu wengine wanaweka televisheni, na meza ya chakula imejaa vitabu vilivyobanwa kwa mbao na skrubu vikingoja gundi ikauke, kwa hiyo sisi tunakula sahani zikiwa magotini, na harufu ya gundi nimeizoea kiasi kwamba kwenye nyumba za watu wengine nahisi kuna kitu kimepungua. Analetewa tasnifu za wanafunzi wa chuo, majalada ya ofisini na vitabu vya maktaba vilivyochoka, na vya shule yetu pia anafunga yeye. Ana mkono mzuri, hilo hata leo pamoja na hasira zangu silikatai. Lakini hasomi. Wateja wakimwuliza kitabu fulani kinahusu nini anawajibu, "Mimi kazi yangu ni mgongo tu, ya tumboni hayanihusu," nao wanacheka.

Basi shuleni tuna chama cha wasomaji, msimamizi wake ni mwalimu wa maktaba, na muhula huu alitugawia riwaya moja ya vijana, kila mtu nakala yake, nakala zenyewe zimechakaa na yangu ndiyo ilikuwa hoi kuliko zote. Inahusu mji wa siku zijazo uliozungushiwa ukuta, maji yanatolewa kwa kibali, na mtu akitoka nje ya ukuta serikali inatangaza kwamba amekufa, majirani wanaitwa, wanalia, linazikwa jeneza tupu, na kuanzia siku hiyo ni kosa kusema mtu huyo yu hai. Msichana wa humo kitabuni ni wa rika langu, mama yake alizikwa hivyohivyo, jeneza tupu, na yeye amebaki na baba yake ambaye kazi yake ni kuchonga majina kwenye makaburi hayo. Nilipofika hapo nililia, Mshauri, nililia kama niliyefiwa, baba akanyanyua kichwa kwenye kazi yake akaniuliza ni kitabu gani hicho kinachoniliza, nami kwa ujinga wangu nikamsimulia chote, jeneza, ukuta, mama, kila kitu, naye akasikiliza mpaka mwisho.

Haikuchukua muda kurasa zikaanza kuchomoka, nikampa anitengenezee. Sasa kitabu kama kile baba anakifunga huku anapiga mluzi, asubuhi kinaingia jioni kimetoka, lakini hiki kila nikiuliza naambiwa gundi haijakauka. Gundi gani hiyo isiyokauka wiki nzima? Alikuwa anasoma! Mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu tangu nimjue alikuwa anasoma changu. Aliponirudishia kilikuwa kizuri mpaka nikakipapasa, mgongo mpya wa kitambaa cheusi, kurasa zimenyooka, jalada limevikwa plastiki, na akaniambia, "Soma mwanangu, sasa hakitakusumbua tena." Nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimshukuru.

Nikasoma hadi mwisho. Msichana anafika kwenye lango la ukuta, baba yake anamfuata nyuma akimwita, na mstari wa mwisho unasema aligeuka akaiona taa ya nyumbani kwao ikiwaka. Basi. Sentensi imeishia chini kabisa ya ukurasa, utadhani ibilisi mwenyewe ndiye aliyepanga chapa, halafu karatasi nyeupe, halafu jalada. Nikamkasirikia sana yule msichana. Kuteseka kote kule halafu unarudi nyumbani kwa sababu ya taa?

Siku ya kikao nilikuwa wa kwanza kusimama. Nikasema yule msichana ni mwoga, ametuangusha, amemwacha mama yake nje ya ukuta. Wenzangu wakatazamana. Mmoja akaniuliza, "Wewe umesoma kitabu cha nani?" wengine wakaanza kucheka, mimi nami ni mbishi, nikawaambia waongo nyie, hamkumaliza, mmehadithiwa, nikaapa kabisa mbele ya mwalimu, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Mwalimu akakichukua kitabu changu mkononi, akapitisha kidole mgongoni, akafungua nyuma. Kisha akanipa chake. Ukurasa unaofuata, mstari wa kwanza kabisa: "Akaitazama kwa muda, kisha akaipa kisogo, akapita."

Zilikuwepo sura mbili baada ya hapo, Mshauri. Sura mbili nzima! Mwalimu hakuniuliza ni nani amefanya vile, maana anajua vizuri ni nani anayefunga vitabu vya shule ile, aliniambia tu nibaki na nakala yake, na huruma aliyonitazama nayo ilikuwa mbaya kuliko kile kicheko.

Nyumbani nilimkuta baba anashona. Nikasimama mbele yake sijavua hata viatu.

"Baba, sura mbili za mwisho ziko wapi?"

Hata kushtuka hakushtuka. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akafuta gundi vidoleni kwa ule utaratibu wake, akauliza, "Nani kakwambia?"

"Wameniambia chama kizima! Nimechekwa mpaka basi!"

"Kwa hiyo mwenyewe hukugundua," akasema. "Mshono hukuuona."

Naapa, Mshauri, alikuwa anajisifu. Mimi natoa povu pale na yeye anafurahia mshono wake!

"Ulikuwa unalia, mama," akasema, maana akitaka kunibembeleza ananiita mama. "Mimi ni mzazi wako. Nikiona kitu kitakuumiza, nakiondoa."

"Hata serikali ya kwenye kitabu inasema hivyohivyo!"

"Sasa ubaya uko wapi? Kimeisha vizuri. Mtoto karudi nyumbani."

Nilitoka nilivyo, na sare yangu. Nilikuwa nikijiuliza neno moja tu njia nzima, kama huyu mtu anaweza kukata kitabu nisijue, ni nini kingine amenikatia? Nikaenda moja kwa moja kwa mama mdogo, mdogo wake mama, anauza kwenye duka la dawa upande wa pili wa mji, na baba hapendi niende kwake, anasema ana mdomo. Nilimkuta na wateja. Nikamwuliza palepale dirishani, "Mama mdogo, hivi mama aliwahi kunitafuta?" Akaiacha chupa ya dawa ya kikohozi mkononi mwa mteja akanivutia ndani nyuma ya makabati.

Mimi nimekua nikiambiwa mama alibadilisha namba, mama ana maisha yake, mama angetaka angepiga. Mama mdogo akaniambia mama anafanya kazi jikoni kwenye hospitali kubwa ya mji mwingine, na anampigia baba kila mwezi kuniulizia, na kila mwezi anajibiwa kwamba sitaki kusikia sauti yake. Mara ya mwisho aliambiwa nimesema yeye kwangu ameshakufa.

Sijawahi kutamka maneno hayo. Sijawahi, na Mungu ananiona. Baba yangu alimzika mama akiwa hai kwa kutumia mdomo wangu, halafu akakaa sebuleni kwetu akasoma kitabu kinachosema hivyohivyo, na badala ya kuona aibu akachukua kisu.

Sasa mama mdogo ana mpango. Jumamosi baba hupeleka kazi chuoni na hukawia, tiketi ataikata yeye, mimi nitoke na begi dogo, nisimuage mtu, mama atanipokea kituoni. Begi liko tayari nyuma ya kabati. Baba tangu siku ile hajaomba radhi hata kwa nusu neno, ila anapika vile ninavyopenda na kuniwekea karibu na kitabu changu cha hesabu, nami siongei naye, chakula nakila kwa hasira. Kile kitabu cha mwalimu kimo kwenye begi la shule, sijakifungua tena, nikikiona tu damu inanichemka. Natamani arudi Jumamosi akute nyumba tupu, aite jina langu mpaka achoke, aonje ladha ya kitu kinachokatwa bila kukuaga. Halafu usingizini naota anaita, naamka nimelowa machozi, nazidi kukasirika kwa sababu kwa nini niwe mimi ninayelia?

Niambie ukweli, Mshauri. Niondoke kimya kama yule msichana, au nina wazimu?

Ni mimi,
Binti wa Mfunga Vitabu


JIBU LA MSHAURI

Binti,

Barua yako nimeimaliza chai imepoa, na nimekasirika pamoja nawe. Naanza na hilo ili usije ukadhani nitamtetea baba yako kwa kuwa ni mtu mzima mwenzangu. Simtetei. Huna wazimu hata kidogo.

Tuweke mambo sawa kwanza. Amefanya makosa mawili, na ole wako umruhusu ayafunge jalada moja. Kukata kitabu ni ufedhuli, na kitabu chenyewe ni mali ya shule. Lakini kumwambia mama mtu kwamba mwanawe hamtaki, mwezi baada ya mwezi, hadi kusema amemzika, huo ni ukatili, na hauna jina lingine la kuupaka mafuta. Akija kukuomba radhi, maana ipo siku atakuja, atakuomba kwa ajili ya kitabu. Atasema "zile karatasi," atasema "nilikosea kidogo." Mwache amalize, kisha mwambie: karatasi tumeshamaliza, sasa tuongee kuhusu mama. Usimsogezee njia rahisi.

Haya, sasa ni zamu yako, na usinikunjie uso.

Umetoa povu shuleni, umetoa povu nyumbani, umeniandikia kurasa na kurasa kwa sababu umenyimwa sura mbili. Sura hizo unazo! Zimo kwenye begi lako la shule, na hujazisoma! Unaniuliza uondoke kama yule msichana, na hata hujui yule msichana alikuta nini nje ya ukuta. Je, alimkuta mama yake? Walipatana? Alijuta? Alimtumia baba yake habari? Mimi kitabu hicho sijakisoma na sitajifanya nimekisoma. Ila wewe umefunga begi kwa kufuata mstari mmoja uliousoma umesimama, watu wanakucheka. Baba yako alikusimamisha langoni, sawa, lakini kinachokuweka hapo hadi leo ni hasira zako mwenyewe. Leo hii, kabla hujala hicho chakula unachokila kwa kununa, soma sura hizo mbili hadi nukta ya mwisho. Huenda zikakufurahisha, huenda zikakuudhi kuliko kisu cha baba yako. Vyovyote vile, ni zako.

Halafu mama mdogo wako. Namshukuru kwa kukwambia ukweli, lakini mbona kangoja mpaka umfuate dirishani? Miaka yote hiyo anajua dada yake anaulizia mtoto, anajua mtoto yuko mji huohuo, na yeye anauza dawa za kikohozi! Sasa ndio kaamka, na anachoshauri ni nini? Uondoke kwa siri, baba asijue, umpunguze kwenye hadithi bila kumwambia. Huoni kwamba hiyo ndiyo kazi ileile ya baba yako, mshono mwingine tu? Kwenu kila mtu anakata vipande vya mwenzake, na kila mmoja anasema ni kwa upendo. Wewe usiwe fundi wa tatu.

Na mama yako mzazi naye nina neno naye. Kupiga simu kila mwezi ni jambo zuri. Lakini mtu akiambiwa na mwanamume aliyeachana naye kwamba mwanawe amemkana, anapanda gari aje amwulize mwana mwenyewe. Kwa nini hakuja? Yawezekana ana sababu nzito, yawezekana aliamini uongo ule kwa kuwa moyoni alihisi anastahili. Mimi sijui na wewe hujui. Usihamie kwake ukiwa unamchukulia kama malaika aliyefungiwa nje. Utafika, utakuta mwanamke aliyechoka anayenuka vitunguu vya jikoni, ana masharti yake na hasira zake, na utaanza kumlaumu yeye kwa kutofanana na yule uliyemlilia kitabuni.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa mama mdogo, chukua namba, mpigie mama yako mwenyewe, mchana, usipitie kwa mtu. Usianze na mipango ya safari. Anza na sentensi moja: "Sikuwahi kusema umekufa." Yanayofuata yatajipanga yenyewe, na mkilia, lieni. Mkishatulia mwulize waziwazi: kwako kuna kitanda changu? Ninakuja kutembea au kuishi? Mitihani yangu iko mlangoni, nitaifanyia wapi? Akikujibu vizuri, vizuri. Akibabaika, usikate tamaa wala usimchukie, ila ujue kwamba Jumamosi hii si siku ya kuhama.

Kumtembelea nenda. Una haki, na hakuna wa kukunyang'anya. Lakini utaondoka baba yako akiwa nyumbani, macho yake yanakuona. Unatamani arudi akute nyumba tupu aite mpaka achoke. Nimekuelewa, tena sana. Ila fikiria utakachokuwa umemthibitishia: kwamba alikuwa sahihi kuogopa, kwamba mtu akiujua ukweli anatoroka. Atajifungia na woga wake na mashine yake, na hutapata nafasi ya kumwambia usoni alichokufanyia. Anayetoroka ni yule anayekiri kwamba lango ni la mtu mwingine. Lango la kwenu ni mlango wa sebule tu, binti, na ufunguo unao. Mweleze yote: umempigia mama, umejua aliyosema kwa mdomo wako, unakwenda kumwona, na siku ya kurudi ni fulani. Sema kwa sauti yako ya kawaida, usipige kelele, maana ukipiga kelele atajibu kelele, na hoja itapotelea hapo. Akikufungia mlango au akikuinulia mkono, hapo mambo yamebadilika: nenda kwa yule mwalimu wa maktaba, ambaye ndiye mtu mzima pekee katika barua yako yote aliyekupa kitu kizima.

Na kitabu cha shule kisirudi kwa mgongo wako wewe. Alikikata yeye, akirudishe yeye, asimame mbele ya mwalimu aseme kwa kinywa chake alichofanya. Wakimnyima kazi, ndiyo gharama ya kisu chake. Usimwombee msamaha wala usimfiche.

Ukimaliza kusoma hapa, mpe baba yako gazeti hili mkononi, ukurasa wote, na matusi yangu yakiwemo. Yanayofuata ni yake.

Mzee mwenzangu, binti yako atasimama mbele yako mchana kweupe, begi mkononi, akuage. Usimweleze habari za gundi. Usimkumbushe ulivyomlea peke yako, anajua, alikuwepo. Usimwambie mama yake ni mtu wa namna gani, atakwenda kujionea. Mwulize jambo moja tu, utarudi lini, kisha ufunge mdomo umsikilize mpaka amalize.